Transista Moja Mbele ya Amplifaya

Pedali nyingi za gitaa la umeme hununuliwa kwa ajili ya kile zinachoongeza: mwangwi, mtikisiko, mkwaruzo. Busta safi huuzwa kwa ahadi iliyo kinyume. Ishara inayoingia kutoka kwenye gitaa inatakiwa itoke vilevile ilivyo, ila ikiwa kubwa zaidi. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 50 wapiga gitaa wamekuwa wakishikilia kwamba kifaa hiki kinanogesha sauti yao, na wapo wanaokiwasha onyesho linapoanza wasikizime tena hadi mwisho. Kauli hizo mbili hazipatani kirahisi. Kama busta haibadilishi kitu, utamu unatoka wapi? Wauzaji hujibu kwa maneno ya sifa ambayo hayapimiki. Historia ya kifaa chenyewe inatoa jibu lenye mashiko zaidi. Hadi katikati ya miaka ya 1960, mahali ambapo sauti safi inaishia na mkwaruzo unaanzia palipangwa kiwandani na mhandisi wa amplifaya, ambaye kazi yake aliiona kuwa ni kupasogeza mbali kadiri awezavyo. Kisanduku chenye transista moja kilimkabidhi mpigaji mamlaka ya kupanga mahali hapo mwenyewe, na hicho ndicho masikio yamekuwa yakikifurahia tangu wakati huo.

Ubishi wote unaanzia kwenye udhaifu wa gitaa. Chini ya nyuzi kuna pikapu, yaani sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku hizo unazalisha umeme mdogo, mara nyingi sehemu chache za kumi za volti au chini ya hapo. Umeme huo husafiri ndani ya kebo, na kebo nayo ina ushuru wake: kila mita huwa na pikofaradi zipatazo 100, kwa hiyo kebo ya mita 6 inatosha kupunguza ung'avu wa noti za juu kabla hazijafika popote. Kinachobaki hupokelewa na vali ya kwanza ya amplifaya, kikakuzwa, kikapelekwa kwa vali inayofuata, hadi zile kubwa za mwisho zinazosukuma spika. Kila vali ina dari yake. Ishara ikipita chini ya dari inatoka na umbo lake. Ikiigonga, vilele vya mawimbi hubanwa, na kule kubanwa huzaa sauti za ziada juu ya noti iliyopigwa. Kubanwa kidogo husikika kama unene na noti kudumu zaidi. Kubanwa sana ni mkwaruzo. Katika vali mpito kutoka hali moja hadi nyingine huja polepole, na ndiyo maana mpigaji anaweza kuutawala kwa uzito wa mkono wake.

Wahandisi wa mwanzo waliihesabu dari hiyo kuwa kasoro. Leo Fender, fundi wa redio aliyejenga kampuni yake mjini Fullerton, California, aliendelea kutoa amplifaya zenye nguvu kuliko zilizotangulia ili sauti ikae safi hata katika kumbi kubwa. Dick Dale, mpiga gitaa wa muziki wa surf, alipiga kwa nguvu kiasi cha kuunguza spika na amplifaya alizopewa, na katika kutafuta zitakazomhimili ikazaliwa Showman mwanzoni mwa miaka ya 1960. Twin Reverb, iliyofuata mwaka 1963, ilifikia wati 85. Kwa fundi hayo yalikuwa maendeleo matupu. Kwa wapigaji wa blues na roki mambo yalikuwa na sura nyingine, kwani wengi wao walikuwa wamekwisha kugundua kwamba amplifaya hunoga pale inapoanza kushindwa. Amplifaya ya Fender iitwayo Bassman, ya mwaka 1959, iliyokusudiwa gitaa la besi, ilipendwa na wapiga solo kwa sababu hiyo. Jim Marshall na fundi wake Ken Bran, walipotengeneza JTM45 katika duka la Hanwell, magharibi mwa London, mwaka 1962, walifuata mchoro wa Bassman hiyo karibu hatua kwa hatua. Lakini Marshall nayo ikaingia katika mbio zilezile: kufikia 1965 ilikuwa ikitoa amplifaya ya wati 100, aliyoidai Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who. Dari ilipanda mwaka hata mwaka huku umeme wa gitaa ukibaki palepale. Aliyetaka kuigusa ilimbidi afungulie sauti hadi ukumbi mzima uzibe masikio.

Pengo hilo lilipata jibu lake la kwanza Uingereza. Katikati ya miaka ya 1960 kampuni ya Dallas ya London ilianza kuuza kisanduku cha chuma kilichoitwa Rangemaster. Ndani yake kulikuwa na transista moja ya gerimani aina ya OC44, betri ya volti 9, na kapasita ndogo mlangoni iliyozuia besi isipite. Hakikuwa pedali hata kidogo. Kilikaa juu ya amplifaya, kebo yake fupi ikiwa imefungwa moja kwa moja, wala hakikuwa na pa kukanyaga. Kusudi lake la kibiashara lilikuwa kuzipa ung'avu amplifaya za Kiingereza ambazo sauti yake ilionekana nzito. Wapigaji walikipa kazi nyingine. Rory Gallagher wa Ireland alikiunganisha kati ya gitaa lake la Stratocaster na amplifaya ya Vox AC30. Brian May wa Queen alijenga sauti yake yote juu ya amplifaya hiyohiyo na busta ya namna hiyo. Tony Iommi wa Black Sabbath alitumia Rangemaster iliyofanyiwa marekebisho mbele ya amplifaya ya Laney. Sauti za watu hao watatu hazifanani, nao hawakupiga muziki wa aina moja. Wanachoshiriki ni kwamba amplifaya zao zilipokea umeme mkubwa kuliko ule ambao mbunifu aliutarajia.

Jibu la pili, lililoipa dhana ya busta safi sura yake, lilitoka New York. Mike Matthews, aliyekuwa muuzaji wa IBM, alianzisha Electro-Harmonix mwaka 1968 kwa mtaji wa dola 1,000. Alikuwa amempa Bob Myer, mhandisi wa Bell Labs, kazi ya kubuni kifaa cha kurefusha noti bila kuikwaruza. Alipokwenda kuona jaribio lilipofikia, alikuta kisanduku kidogo kimechomekwa mbele ya mtambo wenyewe. Myer alimweleza kwamba ishara ya gitaa ilikuwa hafifu mno kwa mzunguko wake, hivyo aliiongezea nguvu kwanza kwa transista moja. Matthews alipokiwasha amplifaya ilinguruma, akatambua kwamba bidhaa ilikuwa ile ya pembeni. Iliuzwa kwa jina la LPB-1, kifupi cha Linear Power Booster. Toleo la mwanzo lilikuwa na pini ya kuchomeka upande mmoja na tundu upande wa pili, kwa hiyo lilining'inia kwenye amplifaya au kwenye gitaa bila kuhitaji kebo ya ziada. Ukilifungua, vilivyomo vinahesabika: transista ya silikoni, rezista nne, kapasita mbili, swichi, na kitufe kimoja cha kuzungusha. Kiasi cha ongezeko kilitokana hasa na uwiano wa rezista mbili, moja ya ohm 10,000 na nyingine ya ohm 390, yaani takriban mara 25. Vali iliyoundwa kupokea sehemu ya volti ilijikuta ikisukumiwa volti kadhaa.

Asili hiyo ina uzito katika hoja hii. Myer hakuwa akitafuta sauti. Alikuwa na tatizo la kihandisi, kwamba chanzo ni dhaifu na mpokeaji anahitaji zaidi, akalitatua kwa njia fupi kuliko zote. Kwamba utatuzi huo uliuzika kuliko mtambo uliokusudiwa ni ushahidi kuwa wapigaji walikuwa na tatizo lilelile, ila walilisikia kutoka upande mwingine. Atakayepinga atasema kwamba LPB-1 haistahili heshima hii, kwa kuwa Rangemaster ilitangulia na ndiyo iliyosikika kwenye rekodi zilizopata umaarufu. Ni kweli ilitangulia. Lakini Rangemaster inachagua: inapunguza besi kabla ya kusukuma, ili vali zisilemewe na noti za chini na mkwaruzo utoke ukiwa na makali. Ni busta yenye maoni yake kuhusu sauti. LPB-1 iliondoa maoni hayo ikabakiza msukumo peke yake, na amplifaya yenye sauti nzuri ikatoa sauti nzuri zaidi. Kama siri ingekuwa ule ung'avu wa Rangemaster, kisanduku cha Matthews kisingepata wateja. Kilipata wengi, nacho kikawa msingi wa kampuni iliyotoa baadaye pedali ya Big Muff na vifaa vingine vinavyojulikana duniani kote.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wataalamu wa usikivu. Wanasema kila kilichoongezwa sauti husikika kizuri kuliko kilivyokuwa, na kwamba mpigaji anayewasha busta anadanganywa na masikio yake. Hoja hii ina mizizi mirefu: mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Labs, taasisi ileile alikotoka Myer, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii besi na sauti za juu sana kwa usawa na zile za kati, na kwamba tofauti hiyo hupungua sauti inapoongezeka. Gitaa lililoongezwa sauti kidogo basi husikika nene na lenye ung'avu hata kama hakuna kilichobadilika katika umbo la mawimbi. Ni hoja ya haki, na pengine inaeleza mauzo mengi ya dukani. Ila inaweza kupimwa. Washa busta, kisha punguza sauti ya mwisho hadi ukubwa ulingane na ule wa awali. Kama amplifaya iko mbali na dari yake, faida yote inatoweka, na wataalamu wanashinda. Kama vali zake za mwanzo ziko karibu na dari, tofauti inabaki: noti zinadumu, mipigo mikali inalainika, sauti za ziada zinajitokeza. Jaribio hilohilo linalowapa wakosoaji ushindi wa nusu ndilo linaloonyesha kazi halisi ya busta, kwa sababu utamu unaobaki umetengenezwa ndani ya amplifaya.

Mtu anaweza kuhoji pia ule usafi wenyewe. Hakuna busta iliyo safi kabisa, na LPB-1 ni mfano mzuri wa kuwasuta wanaodai vingine. Mlango wake unapokea ishara kwa kizuizi cha makumi machache ya kilo-ohm, wakati mlango wa kawaida wa amplifaya ya vali ni kama megaohm moja. Pikapu inapobebeshwa mzigo mzito namna hiyo inapoteza sehemu ya ung'avu wake, na transista inayotegemea volti 9 nayo ina dari yake ya chini. Waliokuja baadaye walilishughulikia jambo hili. Alembic, kampuni ya California iliyokua karibu na kundi la Grateful Dead, ilitoa katika miaka ya 1970 Stratoblaster, kikuzaji kidogo kinachofichwa ndani ya Stratocaster pale kebo inapochomekwa. MXR ya Rochester, New York, ikatoa Micro Amp kuelekea mwisho wa muongo huo, iliyotumia saketi iliyounganishwa badala ya transista moja, yenye mlango usioilemea pikapu na uwezo wa kuongeza hadi desibeli 26, yaani takriban mara 20. Vifaa hivyo vilitimiza ahadi ya usafi vizuri zaidi, na vililipa pia ule ushuru wa kebo: ishara inayotoka kwenye busta ina nguvu ya kuiendesha kebo ndefu bila kupoteza noti za juu. Kwa mpigaji ambaye kebo yake ni ndefu au pedali zake ni nyingi, huo ni uboreshaji halali unaopimika, hata amplifaya ikiwa haijaguswa. Hata hivyo LPB-1 iliyochafua kidogo haikufa, nayo Rangemaster bado inaigwa na mafundi wengi. Usafi kamili ungekuwa ndio siri ya utamu, historia ingezitupa hizo mbili zamani.

Pingamizi la mwisho linasema kwamba wakati ulikwisha kuipita busta. Kufikia mwaka 1975 Marshall ilikuwa na amplifaya yenye kitufe cha pili cha sauti, ambacho kiliruhusu vali za mwanzo zibanwe huku zile za mwisho zikipunguzwa. Mpigaji alipata mkwaruzo kwa sauti ya sebuleni, bila kisanduku chochote. Kabla ya hapo, huko California, fundi Randall Smith alikuwa amekwenda mbali zaidi. Alipoombwa na mwanamuziki Lee Michaels atengeneze kikuzaji cha kuendesha amplifaya kubwa za transista, hakujua zinahitaji ishara ya ukubwa gani, akaongeza hatua nzima ya vali pamoja na vitufe vya kuitawala. Hatua hiyo ya ziada ndiyo iliyozipa sifa amplifaya zake za Mesa/Boogie. Ukiutazama mchoro, alichoongeza Smith ni kilekile alichoongeza Myer: kikuzaji kimoja zaidi mbele ya vingine. Amplifaya zilizodaiwa kuiua busta zilikuwa zimeimeza, na kitufe chake kikahamia usoni mwa amplifaya. Viwanda vilikuwa vimekubali kwamba dari ni mali ya mpigaji.

Wala kule nje busta haikuacha kazi. Ibanez ya Japani ilipotoa Tube Screamer kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, iliitangaza kama kifaa cha mkwaruzo, lakini Stevie Ray Vaughan wa Texas na wengi waliomfuata walizoea kupunguza kitufe cha mkwaruzo na kupandisha cha nguvu, wakaifanya busta mbele ya amplifaya za Fender zenye sauti kubwa. Wapigaji wa metali walifanya vivyo hivyo mbele ya amplifaya zenye mkwaruzo mwingi. Katika miaka ya 1990 mafundi wadogo wa Marekani, Zachary Vex wa Minneapolis akiwa mmojawapo, waliirudisha busta ya kitufe kimoja kwenye maduka. Mahali inapowekwa katika mstari wa pedali panathibitisha hoja kuliko maelezo yoyote. Ikitangulia pedali ya mkwaruzo, mkwaruzo unazidi na sauti haipandi sana, kwani dari imekwisha kuguswa. Ikifuata pedali hiyo, na amplifaya ikiwa bado ina nafasi, mkwaruzo unabaki ulivyo na mpiga solo anasikika juu ya wenzake. Mbele ya amplifaya ya transista kama Roland JC-120 ya mwaka 1975, inayosifiwa kwa usafi, faida kubwa ni ukubwa wa sauti, na ikizidishwa mkwaruzo unakuja ghafla na kwa ukali. Hilo halimzuii mpiga solo wa rumba au soukous, ambaye hataki mkwaruzo bali anataka noti zake za juu zipenye katikati ya ridhimu na besi wakati wa sebene. Kwake busta inafanya kazi ya haki na ya kutosha, mradi amplifaya ina nafasi ya kumbeba.

Ushahidi huu ukiwekwa pamoja, swali la utamu unatoka wapi linajibika bila miujiza. Busta hailiboreshi gitaa, na haina sauti nzuri ya kuuza. Inachofanya ni kubadili uhusiano kati ya ukubwa wa ishara na dari ya kile kinachoipokea. Ndiyo maana pedali moja inamfurahisha mtu mwenye amplifaya ndogo ya vali na kumwacha baridi mwenye amplifaya kubwa ya transista, na ndiyo maana mabishano kuhusu ipi iliyo safi kuliko nyingine huwa hayaishi: kila mmoja anasifu au kulaumu pedali kwa jambo lililotokea kwenye amplifaya yake. Dalili iliyo wazi kuliko zote kwamba mamlaka yalihama ni tabia iliyoenea tangu enzi za Rangemaster, ya kuacha busta ikiwaka na kutumia kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe. Kikipunguzwa, ishara inashuka chini ya dari na sauti inasafika kwa ubeti wa wimbo. Kikipandishwa, vali zinabanwa na solo inaanza. Fundi wa Fullerton alipanga mpaka huo mara moja, kwa solda, na alitaka usivukwe. Baada ya transista moja kuwekwa mbele ya amplifaya, mpaka ulihamia kwenye kidole kidogo cha mkono wa kulia, ambapo unaweza kuvukwa na kurudiwa mara kadhaa ndani ya wimbo mmoja. Anayenunua busta leo ananunua uwezo huo, na kabla ya kutoa fedha yafaa aulize kwanza amplifaya yake inaanza kubanwa wapi.